Mkia wa Msafara

Sauti iliyojibu ilikuwa nzuri mno. Hilo tu lingetosha kumshtua Kamusi, maana mkia wake wa siku zote, shemeji yake Breki, alikuwa akijibu kama mtu aliyeamshwa katikati ya kikao.

"Mkiaaa!" Kamusi aliita huku akipanda, bila kugeuka.

"Nipo! Tumetimia!" ikajibu sauti kutoka nyuma kabisa, safi, changamfu, kama ya mtu aliyekaa muda mrefu akiomba aulizwe.

"Leo shemeji kanywa nini?" Kamusi alijisemea, akaendelea na mlima.

Kazi yake ilikuwa kuongoza matembezi. Kila Jumamosi asubuhi aliwapakia kwenye pikapu watu wa mjini waliochoshwa na viti vya ofisi, akawapeleka kilimani kwenye magofu ya watu wa kale. Kulikuwa na kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, matuta ya mashamba yaliyoota nyasi, tanuri za kuyeyushia chuma, na njia moja iliyozama ardhini kama mfereji, iliyochimbwa na nyayo tu, za watu waliokufa kabla babu ya babu yake hajazaliwa. Jina la Kamusi alipewa kwa sababu hakuna swali lililowahi kumshinda. Jibu la kweli lisipokuwepo, alikuwa na akiba ya mengine. Tumbo lake lilimtangulia kidogo popote alipokwenda, na chini ya tumbo hilo kulikuwa na miguu ya haraka isiyolingana nalo hata kidogo. Wageni walianza kwa kucheka, kisha wakagundua wameachwa.

Njia ya juu ilikuwa nyembamba, watu walipita mmojammoja, kwa hiyo kazi ilikuwa na utaratibu wake. Kiongozi hukaa mbele na hageuki, maana akigeuka atakanyaga vibaya na msafara mzima utamwangukia. Nyuma kabisa hukaa mtu anayeitwa mkia, ambaye huhakikisha hakuna anayebaki. Kiongozi huita, mkia hujibu. Mwisho wa safari, kiongozi humshika mkia mkono mbele ya watu wote na kumwambia, "Umefika. Pumzika." Hapo ndipo kazi yake huisha. Kamusi alifundishwa desturi hiyo na mwongozaji aliyemtangulia, akaiona ni mbwembwe inayopendeza kwenye picha.

"Haya mawe meusi yenye vitundu ni nini?" aliuliza daktari wa meno, mgeni aliyekuwa akiokota kila kitu.

"Mavi ya chuma, daktari."

"Mavi?"

"Uchafu unaobaki chuma kikishayeyushwa. Usijali, yamekauka siku nyingi."

Msafara ukacheka. Walipofika kwenye lango la mawe Kamusi akawaeleza kwamba watu wa kilima hiki walihama wote siku moja, kwa mstari, kwa sababu ambayo hakuna aijuaye. Watu wa bondeni waliwaona wakishuka. Ila wa mwisho wao, yule aliyekuwa akiwakusanya wenzake, hakuonekana akishuka.

"Waliwezaje kumwacha?" aliuliza daktari.

"Labda alikuwa na mwendo wa mke wangu!"

Wakacheka tena. Mkewe, ambaye goti lake bovu lilikuwa limemzuia kupanda kilima hicho kwa miaka, siku hiyo alikuwa amekuja, na alikuwa nyuma ya wote. Alisikia. Hakucheka.

Waliposhuka barabarani Kamusi alimkuta Breki amelala ndani ya pikapu, mdomo wazi, kikoti cha mkia cha rangi ya chungwa kikiwa kimetundikwa kwenye usukani.

"Wewe! Umeshuka saa ngapi?"

"Nimeshuka wapi, shem? Sikupanda. Tumbo limenikamata toka tunafika hapa. Nimekupigia kelele mpaka sauti imekauka, wewe na ile miguu yako hata hukugeuka."

"Acha masihara. Nani alikuwa ananijibu?"

Kamusi akawageukia wageni, na wageni wakatazamana. Kila mmoja alikuwa amedhani mkia ni mtu mwingine aliyekuwa nyuma yake. Wakati huohuo mkewe alitokea kwenye kona ya njia, peke yake, akishuka kwa mwendo mzuri ambao Kamusi hakuwa ameuona kwake siku nyingi.

"Yule kijana wako mpya kapita wapi?" aliuliza. "Mstaarabu kweli. Kanishika kiwiko kwenye mawe yote yale."

"Kijana gani?"

"Nitajuaje? Mimi nilikuwa natazama ninapokanyaga. Ila ana mkono wa baridi, maskini, kama kauloweka kwenye maji usiku kucha."

Kamusi alitazama njia. Ilikuwa tupu. Akashuku wachungaji wa bondeni, akamshuku Breki, akamshuku na mkewe kwamba anamlipiza ule utani. Akapiga makofi, akawashukuru wageni, akawasha gari. Siku hiyo hakuna mkono wowote ulioshikwa, na hakuna mtu aliyeambiwa apumzike.

Nyumbani, kilichoanza kumsumbua ni goti la mkewe, maana lilikuwa linapona. Mwanamke aliyekuwa akishuka ngazi za nyuma kwa kuugulia sasa alikwenda sokoni na kurudi bila kupumzika, na jioni hakuomba kukandwa. Kamusi angefurahi, kama si sauti za miguu. Walitoka pamoja kama kawaida yao, yaani yeye mbele na mkewe nyuma kule, na chini ya mchapo wa kandambili za mkewe alisikia nyayo nyingine, za miguu mitupu, zenye subira, ambazo mkewe akisimama husimama baadaye kidogo. Alisikia pia maneno ya chinichini.

"Ndiyo... hapana, bado... ah, huyu? Huyu hunitangulia siku zote."

Aligeuka ghafla. Mkewe alikuwa peke yake barabarani, akitabasamu, kiwiko cha kushoto amekiacha mbali kidogo na mwili, kama mtu aliyekiegemeza kwenye kiganja.

"Unaongea na nani?"

"Najiongelea. Uzee huo."

Wivu ukamwingia, na wivu wa mwanaume mwenye tumbo ni kichekesho. Aliikagua simu ya mkewe, akakuta picha za wajukuu na mapishi ya maandazi. Akanusa mtandio wake, akakuta harufu ya majivu yaliyopoa na mawe yaliyonyeshewa. Mwanaume gani anayenuka majivu? Akamkumbuka muuza mkaa wa mtaani, kijana mrefu, mchangamfu. Akaenda kibandani kwake, akajifanya anachagua mkaa, akajongea.

"Bwana Kamusi," alisema muuza mkaa, "unaninusa?"

"Nina mafua."

"Mtu mwenye mafua hanusi."

Muuza mkaa alinuka mkaa na vitunguu. Kamusi akarudi nyumbani na furushi la mkaa asiouhitaji na shaka ileile.

Jioni moja, wakati wa magharibi, umeme ulikatika akiwa chumbani. Alipapasa meza akitafuta tochi, akaita kwa mazoea.

"Mama Watoto, upo?"

"Nipo," ikajibu sauti kutoka ukumbini. "Tumetimia."

Ilikuwa ile sauti ya kilimani, safi, changamfu, sauti ya kijana anayependa kazi yake, na Kamusi alisimama pale mkono ukiwa juu ya meza akasikia nyayo za miguu mitupu zikija taratibu kwenye sakafu, zikapita mlangoni bila kuingia, zikaenda mpaka jikoni na kurudi, kama za mtu anayehakikisha vyumba vyote havina aliyesahaulika, na harufu ya majivu ikamjaa puani mpaka akahisi ulimi wake mwenyewe umegeuka jivu, na hakuthubutu kupumua wala kuuliza, mpaka aliposikia geti la nje na mkewe akiingia kutoka dukani alikokwenda kununua mishumaa.

Kesho yake alimfuata Breki, akamweleza kwa kunong'ona.

"Shem," Breki alinong'ona pia, ingawa walikuwa peke yao gereji, "toka siku ile gari linanuka jivu. Nimeliosha kwa sabuni ya unga. Sikutaka kukwambia, tayari unaniita mvivu, nikaogopa utaongeza na mwoga."

"Na huyo dada yako?"

"Dada yangu anafurahi, shem. Hilo ndilo linalonitisha."

Asubuhi iliyofuata, kabla jua halijachomoza vizuri, Kamusi alikuta upande wa pili wa kitanda umepoa. Mkewe alikuwa getini, amevaa kandambili na mtandio, mkono kwenye komeo.

"Unakwenda wapi saa hizi?"

"Nasubiriwa. Tumebakiza kipande kidogo tu cha njia."

"Njia gani, mke wangu?"

"Sijui, yeye ndiye anaijua." Alimgeukia. Macho yake yalikuwa matulivu, na utulivu huo ulimchoma Kamusi kuliko machozi. "Unajua hata siku moja hajanitangulia?"

Alimshika mkono akamrudisha ndani, na njia nzima ya kutoka getini hadi mlangoni alihisi anamvuta kutoka mikononi mwa mtu.

Asubuhi ileile Kamusi alimpeleka mkewe kwa mkandaji wa viungo aliyekuwa akilitibu goti lile. Mkandaji alikuwa na chumba nyuma ya duka la kutengeneza baiskeli. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye vidole gumba vilivyopinda kwa kazi, na watu wa mtaa walijua kwamba mafuta yake hayakuwa ya viungo peke yake. Alilishika goti, akaligeuza, kisha akaondoa mikono haraka, akaipangusa kwenye taulo.

"Kuna mkono umepita hapa kabla ya wangu," alisema.

"Wa nani?" Kamusi aliruka. "Nitajie jina!"

"Keti, bwana. Huyu si mtu wa kwenda kupigana naye. Ni jini." Alimwacha mgonjwa alale, akamvuta Kamusi pembeni kwenye rundo la matairi. "Ulimwita?"

"Mimi? Mimi nimwite jini ili iweje?"

"Mahali gani uliita, akajibu mtu ambaye hukumwona?"

Kamusi akaeleza habari ya mkia, kikoti na mkono ambao haukushikwa.

"Basi umemwajiri," alisema mkandaji. "Mwenyewe, kwa mdomo wako, na hukumwachisha. Kazi yake ni kumkusanya anayebaki nyuma. Nyumbani kwako nani anabaki nyuma?"

Kamusi alimgeukia mkewe aliyelala.

"Siku atakayomfikisha mkeo anakotaka kumfikisha, hutampata tena. Sina moshi wa kumfukuza mtu anayefanya kazi aliyopewa. Nenda na mkeo kulekule, mchana, yeye atangulie, wewe ukae nyuma. Mwachishe kama mnavyoachishana. Usimtukane, maana ameifanya kazi hiyo kuliko wewe. Ila sikiliza, Bwana Kamusi: akishaachishwa, usimwachie nafasi kwenye mstari wenu. Huyo hajui kukaa bila mstari."

Walipanda alasiri ileile, Breki akibaki garini na injini ikiunguruma. Mkewe alitangulia, hakuhitaji kushawishiwa. Kamusi alimfuata, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao akauona mgongo wa mkewe kwa muda mrefu. Hakujua kwamba bega lake la kushoto hushuka kila anapokanyaga. Hakujua kwamba kisogoni mvi zimekuwa nyingi kiasi kile. Alijua urefu wa kila ukuta wa kilima hiki, au alijua urefu wa kuwaambia wageni, na hili hakulijua.

Nyayo za miguu mitupu zilianza nyuma yake karibu na tanuri.

Aliendelea mpaka langoni, mahali aliposimulia siku ile habari ya yule aliyeachwa, akageuka. Njia ilikuwa tupu, ila nyasi zilikuwa zimelala mahali pa nyayo mbili, karibu, na hazikuinuka. Alinyoosha mkono hewani. Ukashikwa. Mkono ulikuwa baridi, mkavu, wenye vumbi la mawe, na ulimshika kwa heshima, kama wa mfanyakazi mbele ya mkubwa wake.

"Umefika," Kamusi alisema. "Pumzika."

Mkono haukumwachia.

"Na wale?" iliuliza ile sauti, karibu kabisa na sikio lake, haina uchangamfu tena.

"Wale nani?"

"Walionitangulia. Wametimia?"

Kamusi alikuwa amewahi kuulizwa kila kitu kwenye kilima kile, umri wa kuta, maana ya mashimo, choo kiko wapi, na siku zote alikuwa na la kusema, lakini sasa alisimama na ule mkono ndani ya wake akahisi jinsi ulivyosubiri, jinsi ulivyokuwa umesubiri tangu kabla ya kuwepo mtu wa kuulizwa, na akajua kwamba akisema hajui hautamwachia leo wala kesho.

"Wametimia," alisema. "Wote. Walifika salama."

Mkono ukaachia. Nyasi zikainuka taratibu, moja baada ya nyingine.

Kamusi alicheka peke yake, kicheko cha machozi, akageuka kumweleza mkewe kwamba yamekwisha. Mkewe hakuwepo pale. Alikuwa ameendelea, yuko ndani ya ile njia iliyozama, upande usio na mteremko wa kushukia, upande ambao kilima kimekatika na chini yake ni mawe matupu. Na mbele yake kulikuwa na mtu.

Alikuwa mtu mpana wa mgongo, mwenye kofia kama ya Kamusi, na tumbo lililoonekana kila upande kama la Kamusi, akitembea bila kugeuka kama anavyotembea Kamusi. Ndipo alipoelewa. Alikuwa ameilinda nafasi ya nyuma kwa mwili wake mzima, na ya mbele, nafasi yake ya siku zote, ameiacha wazi.

"Leo umeamua kunisubiri, Baba Watoto?" mkewe alikuwa akimwambia yule mtu, kwa furaha.

"Twende, mke wangu," alijibu mtu yule, kwa sauti ya Kamusi, lakini tamu. "Taratibu. Sina haraka."

"Mama Watoto!" Kamusi alipiga ukelele. "Simama! Mimi niko huku!"

Alisimama. Akatazama mbele, akatazama nyuma, na uso wake ukasawijika kwa hofu, maana alikuwa katikati ya waume wawili, mmoja amemnyooshea mkono kwa upole bila kugeuka, mwingine anahema na jasho linamtiririka, na hatua chache tu mbele ya yule mpole njia ilikuwa inaishia hewani.

Kamusi alitafuta la kumwambia. Kila neno tamu lililomjia alijua yule pale mbele angelisema vizuri zaidi. Kwa hiyo akasema kweli.

"Mama Watoto! Lini mimi nimewahi kukusubiri?"



"Siku ya harusi?" aliuliza mkewe.

"Niliingia kabla yako! Nilikaa peke yangu kama mchumba aliyekimbiwa, shangazi yako akanizomea!"

"Hospitali? Nilipojifungua wa kwanza?"

"Nilitangulia nyumbani kuchemsha maji, nikasinzia! Uliletwa na jirani!"

"Twende, mke wangu," ilisema ile sauti tamu. "Mimi nakusubiri."

Mkewe alicheka. Kilikuwa kicheko cha zamani, chenye uchungu wa miaka ndani yake, na kilitoka kwa nguvu mpaka akashika ukuta.

"Samahani, kaka," alimwambia yule aliyempa mgongo. "Wewe si wangu. Wangu ni mwenye haraka."

Akageuka, akaja. Alipokuja akaanza kuchechemea, maumivu ya goti yakirudi kwa kila hatua, na Kamusi akamkimbilia na kumshika. Yule mtu hakuwafuata. Alibaki pale kwenye ukingo, mkono wake bado umenyooka, akisubiri kwa subira ileile.

"Nani atangulie?" mkewe alinong'ona.

"Hakuna. Hakuna mbele, hakuna nyuma. Nishike mikono yote miwili."

Walishuka ubavu kwa ubavu kwenye njia ya mtu mmoja, kama kaa wawili, miiba ikiwararua kila mtu upande wake.

"Tumbo lako linanisukuma kwenye miiba!"

"Na wewe kiwiko chako!"

"Miaka yote hii ulikuwa unatembea mbele kwa sababu ya hili tumbo, sema kweli."

Waligombana hivyo mpaka kwenye gari, kwa sauti kubwa, kwa kuwa kila waliponyamaza walisikia mchanga ukikanyagwa na hawakujua ni upande gani. Breki aliwaona wakija, akafungua mlango bila kuuliza swali. Wote watatu walibanana kiti cha mbele.

Nyumbani giza lilikuwa limeanza kuingia. Breki aliwashusha, akaondoka kwa mwendo ambao haukulingana na jina lake. Walifika mlangoni wakasimama. Ulikuwa mlango wa kawaida, wa ubao mmoja, na mtu mmoja ndiye hupita.

"Ingia," alisema Kamusi.

"Nitangulie mimi, ubaki wewe nyuma? Hapana. Ingia wewe."

"Nikuache tena? Hapana."

Kwa hiyo waliingia pamoja. Wakakwama. Watu wawili wazima, wajukuu wanawaita babu na bibi, walibanwa kwenye fremu, tumbo kwa tumbo, viganja vimeshikana. Jirani aliyekuwa akianua nguo akawauliza kama ni fungate ya pili. Mkewe akaanza kucheka, naye akaanza kucheka, na kwa kucheka matumbo yakalegea, wakaponyoka, wakaangukia ukumbini wote kwa pamoja, bado wameshikana, bado wanacheka.

Nyuma yao mlango ukafungwa, taratibu, kwa adabu, komeo la ndani likasukumwa mpaka mwisho.

Kicheko kikakatika. Kamusi alitazama chini. Mikono yao yote minne ilikuwa imeshikana.